Vipimo vya rutuba na mwani Ziwa Victoria vinamhusu nini mfanyabiashara?

Mwanzoni mwa mwaka 2021 sangara wakubwa walionekana wakielea wakiwa wamekufa katika maeneo mbalimbali ya Ziwa Victoria, hasa upande wa Uganda. Novemba 2022 ikawa zamu ya wafugaji wa samaki wa vizimba upande wa Kenya, katika kaunti za Kisumu na Siaya, ambao walipoteza samaki wengi kwa muda wa siku chache.

Kila linapotokea jambo kama hilo, swali la kwanza sokoni huwa moja: je, ni sumu? Kabla jibu halijapatikana, bei imeshaanguka, gari la barafu limekwama mwaloni na mnunuzi wa ng'ambo ya mpaka hapokei simu.

Katika matukio yote mawili wataalamu walieleza kuwa samaki walikosa oksijeni. Maelezo ya aina hiyo hayatolewi kwa kukisia. Yanahitaji mtu aliyepima maji siku ile, na zaidi ya hapo yanahitaji kumbukumbu ya miaka mingi inayoonyesha hali ya kawaida ya maji hayo ni ipi. Makala hii inaeleza vipimo hivyo ni vipi, vimeonyesha nini mpaka sasa, na kwa nini wanaonunua, kuuza na kusafirisha mzigo wa ziwa wana sababu ya kuvifuatilia.

Nini hasa kinapimwa?

Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800 na linagawanywa na nchi tatu: Tanzania yenye karibu nusu, Uganda yenye zaidi kidogo ya asilimia 40, na Kenya yenye karibu asilimia 6. Pamoja na ukubwa huo, ziwa hili ni la kina kifupi. Wastani wa kina chake ni mita 40 na sehemu ya ndani kabisa haizidi sana mita 80. Kwa sababu hiyo, kinachoingia kutoka nchi kavu hubadilisha maji haraka kuliko katika ziwa lenye kina kirefu kama Tanganyika.

Watafiti hupima vitu vya aina mbili. Cha kwanza ni virutubisho, yaani mbolea ya majini: naitrojeni, fosforasi na silika. Cha pili ni klorofili, ile rangi ya kijani inayopatikana ndani ya majani yote. Majini, klorofili imo ndani ya mwani, yaani mimea midogo mno ambayo mmoja mmoja haionekani kwa macho. Ukijua kiasi cha klorofili katika lita moja ya maji, umejua kwa makadirio mwani uko kiasi gani.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Maji huchotwa katika kituo maalumu, kwa kina maalumu, kisha hupitishwa kwenye karatasi ya chujio. Mwani ulionaswa kwenye chujio huloweshwa katika spiriti ili rangi yake itoke, na mashine ya maabara husoma ukali wa rangi hiyo. Jibu hutolewa kwa mikrogramu kwa lita. Kwa kiwango kinachotumika kimataifa tangu mwaka 1982, maji yenye wastani wa mikrogramu 8 hadi 25 huhesabiwa kuwa na rutuba nyingi, na yanayozidi 25 huhesabiwa kuwa na rutuba iliyopita kiasi.

Kipo pia kipimo cha zamani kisichohitaji maabara. Kisahani cheupe, au cheupe na cheusi, huteremshwa majini kwa kamba hadi kisionekane tena. Urefu wa kamba ndio uangavu wa maji. Wavuvi wengi wanaufahamu uangavu huo bila kisahani, kwa kuangalia wavu wao unapozama.

Mwani ni chakula, mwani ni hatari

Mfanyabiashara asidhani kwamba mwani ni uchafu tu. Bila mwani hakuna biashara ya samaki ziwani. Mwani huliwa na wadudu wadogo wa majini, wadudu hao huliwa na dagaa, na dagaa huliwa na sangara. Sato naye hula mwani moja kwa moja. Dagaa huyo, ambaye Kenya huitwa omena na Uganda mukene, ndiye anayebeba sehemu kubwa zaidi ya uzito wa mavuno ya ziwa kwa miaka ya karibuni. Ndiye anayejaza maroli kutoka soko la Mwaloni Kirumba jijini Mwanza kwenda hadi Kongo.

Tatizo huanza mwani unapozidi. Mwani hufa na kuzama. Huko chini huoza, na uozo hutumia oksijeni. Maji ya juu yakiwa ya moto na ya chini yakiwa ya baridi, tabaka hizo mbili hazichanganyiki, hivyo tabaka ya chini haipati hewa mpya. Upepo mkali au dhoruba ikipiga, maji hayo yasiyo na oksijeni hupandishwa juu au kusukumwa ufukweni. Samaki aliyeko huru hujaribu kukimbia. Samaki aliyeko kwenye kizimba hana pa kwenda. Sangara, ambaye huhitaji oksijeni nyingi kuliko samaki wengine wengi wa ziwa, huwa miongoni mwa wa kwanza kufa.

Aidha, kuna aina ya mwani iitwayo mwani wa bluu-kijani ambayo baadhi yake hutengeneza sumu inayodhuru ini. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mwongozo cha mikrogramu 1 kwa lita ya maji ya kunywa kwa sumu iliyozoeleka zaidi ya aina hiyo. Sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha maji. Mabaharia na wachuuzi wanaochota maji ya kunywa au ya kutengenezea barafu kwenye ghuba zilizofunikwa na utando wa kijani wanapaswa kulijua hilo.

Kwa nini kipimo cha siku moja hakitoshi

Mtu akisema leo klorofili ni mikrogramu 20, bado hajasema kitu. Je, kipimo kilichukuliwa ghubani au katikati ya ziwa? Asubuhi au mchana? Mwezi gani?

Kati ya Juni na Agosti pepo za kusi huchanganya maji ya ziwa kutoka juu hadi chini. Kuanzia karibu Septemba tabaka za maji huanza kujengeka tena na huendelea hadi mwaka unaofuata. Mwani nao hubadilika kwa kufuata majira hayo. Ghuba ya Winam nchini Kenya, Ghuba ya Murchison karibu na Kampala na Ghuba ya Mwanza zina hali tofauti kabisa na maji ya wazi. Ni sawa na bei ya mahindi: bei ya Jumatatu katika soko moja haikuonyeshi kama mwaka huu ni wa njaa au wa shibe. Unahitaji bei za misimu mingi na za masoko mengi, zilizopimwa kwa kipimo kilekile.

Ndiyo maana vituo vya kupimia huwekwa mahali palepale na kurudiwa kila msimu, mwaka hadi mwaka. Thamani ya namba ya leo inatokana na namba zilizotangulia.

Ziwa lilivyobadilika

Ziwa Victoria lina bahati ya kuwa na vipimo vya zamani. Mwaka 1947 ilianzishwa mjini Jinja taasisi ya pamoja ya utafiti wa uvuvi ya Afrika Mashariki. Mwaka 1960 na 1961 mtafiti Mwingereza Jack Talling, akifanya kazi hapo, alipima mwani, virutubisho na oksijeni katika maji ya Uganda kwa utaratibu wa hali ya juu. Vipimo vyake ndivyo vimekuwa rula ya kupimia kila kilichofuata.

Watafiti walioyarudia maji hayo mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuta ziwa jingine. Kasi ya ukuaji wa mwani ilikuwa imeongezeka takriban mara mbili, na wingi wa mwani mara kadhaa. Silika iliyoyeyuka majini ilikuwa imeshuka hadi karibu sehemu moja ya kumi ya ile ya miaka ya 1960. Mwani wenye magamba ya silika, uliokuwa mwingi zamani, ulikuwa umeachia nafasi mwani wa bluu-kijani. Uangavu wa maji ulikuwa umepungua sana. Tabaka isiyo na oksijeni ya kutosha, ambayo enzi za Talling ilikuwa ndogo, sasa iliweza kugusa hadi karibu nusu ya sakafu ya ziwa kwa sehemu ya mwaka.

Mabadiliko hayo yalitokea lini hasa? Hapo ndipo hasara ya kuacha kupima inapoonekana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali ilivunjika mwaka 1977, na taasisi zake za pamoja zikagawanyika. Miaka iliyofuata ndiyo sangara aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 alipoongezeka ghafla, na mamia ya aina za samaki wadogo wa asili wakatoweka au kupungua mno. Lakini katika kipindi hicho hapakuwa na mfululizo wa vipimo vya maji wa ziwa zima. Ndiyo sababu kwa muda mrefu wataalamu walibishana: je, ni sangara aliyeharibu maji, au maji yalianza kuharibika kabla yake?

Jibu lilibidi litafutwe kwenye tope. Watafiti walichimba mashapo ya sakafu ya ziwa, ambayo hujipanga mwaka juu ya mwaka kama kurasa za daftari, na kuchapisha matokeo mwaka 2002. Mashapo yalionyesha kwamba mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, sambamba na kupanuka kwa mashamba na kuongezeka kwa watu kandokando ya ziwa. Sangara alikuta mabadiliko yameshaanza.

Hata hivyo, habari si mbaya tupu. Vipimo vya miaka ya 2000, vilivyochambuliwa na watafiti wa nchi zote tatu na kuchapishwa mwaka 2010, vilionyesha kuwa hali ya maji ya wazi haikuendelea kuharibika kwa mwendo wa awali, na kwa baadhi ya vipimo ilionekana kupata nafuu. Bila mfululizo wa namba, nafuu hiyo isingejulikana, na kila tukio la samaki kufa lingetangazwa kuwa ni mwisho wa ziwa.

Virutubisho vinatoka wapi?

Wengi hudhani viwanda ndivyo chanzo kikuu. Viwanda na majitaka ya miji huharibu sana ghuba zilizo karibu. Mfano ni mfereji wa Nakivubo unaobeba maji ya Kampala hadi Ghuba ya Murchison, eneo ambalo jiji hilo huchota maji yake ya bomba. Lakini kwa ziwa zima, mahesabu ya watafiti yanaonyesha kuwa zaidi ya nusu ya fosforasi huanguka kutoka angani, kupitia mvua na vumbi. Moshi wa mapori yanayochomwa, majivu, na vumbi la ardhi iliyoachwa wazi huruka na kuangukia majini.

Kinachobaki huletwa na mito. Mkubwa kuliko yote ni Kagera, unaokusanya maji ya Rwanda na Burundi pamoja na ya Tanzania na Uganda. Kwa hiyo udongo unaomomonyoka kwenye mlima wa Rwanda unaweza kuwa rutuba ya mwani unaosumbua mfugaji wa vizimba. Hakuna nchi moja inayoweza kulimaliza tatizo hili peke yake, wala kulielewa kwa kupima upande wake tu.

Magugu maji na njia za usafiri

Kwa wasafirishaji, rutuba ilijulikana kwa jina jingine: magugu maji. Mmea huu ulionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Ulipokuta maji yenye mbolea ya kutosha, ulienea haraka hadi ukafikia kilele karibu mwaka 1998. Bandari ya Kisumu na ile ya Port Bell zilizibwa mara kwa mara. Meli zilishindwa kutia nanga, mitumbwi ikanaswa, na mitambo ya umeme ya Jinja ikasumbuliwa.

Magugu yalipungua baada ya kuachiliwa wadudu aina ya fukusi wanaoyala, na pia kutokana na mawimbi na hali ya hewa ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998. Lakini miaka ya 2006 na 2007, baada ya mvua kubwa kuingiza matope mapya, yalirudi kwa wingi katika Ghuba ya Winam, na yamekuwa yakienda na kurudi tangu hapo. Fukusi hula majani, hawaondoi mbolea. Maadamu virutubisho vipo, mbegu zilizolala kwenye tope zitaota tena. Anayesafirisha kupitia Kisumu anaweza kuyasoma mafuriko ya mto Nyando kama onyo la mapema.

Nani anapima leo?

Taasisi tatu za utafiti wa uvuvi ndizo zenye kazi hiyo: TAFIRI ya Tanzania yenye kituo Mwanza, KMFRI ya Kenya yenye kituo Kisumu, na NaFIRRI ya Uganda iliyoko Jinja. Wizara za maji na mamlaka za mazingira nazo zina vituo vyao. Juu yao kuna Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa kwa mkataba wa mwaka 1994 na lenye makao Jinja, na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye makao Kisumu.

Mradi wa pamoja wa mazingira ya ziwa, uliofadhiliwa kupitia Benki ya Dunia kuanzia mwaka 1997, ulijenga maabara na mtandao wa vituo katika nchi tatu. Awamu ya kwanza ilimalizika mwaka 2005 na ya pili ikaanza mwaka 2009. Ni rahisi kuona udhaifu wa mpango wa namna hiyo. Ziwa halingojei awamu. Vipimo vinavyotegemea fedha za mradi hupungua mradi unapokwisha, na mwaka uliopita bila kupimwa haurudi.

Setilaiti zimesaidia kuziba sehemu ya pengo. Tangu mwaka 1997 kumekuwa na setilaiti zinazosoma rangi ya maji kutoka angani, na kuanzia mwaka 2016 zile za Ulaya za Sentinel-3 zimekuwa zikipita juu ya ziwa mara nyingi kila wiki. Lakini setilaiti huona maji ya juu tu, huzuiwa na mawingu, na katika ghuba zenye tope huweza kuchanganya tope na mwani. Haipimi oksijeni ya chini. Bado lazima mtu apande boti akachote maji.

Mfano wa Baltiki: meli za mizigo zinazopima

Bahari ya Baltiki, kaskazini mwa Ulaya, inafanana na Ziwa Victoria kwa mengi: maji yamezungukwa na nchi nyingi, kina si kirefu, mwani ni mwingi na sehemu za chini zinakosa oksijeni. Nchi zinazoizunguka zilitia saini mkataba wa Helsinki mwaka 1974, na tangu mwaka 1979 zimekuwa zikipima virutubisho na klorofili kwa mpango mmoja.

Mambo mawili ya huko yanafaa kuangaliwa. La kwanza ni kwamba virutubisho vinavyoingia Baltiki vimepunguzwa sana tangu miaka ya 1980, lakini bahari inapona polepole, kwa sababu fosforasi ya zamani bado imo kwenye tope la chini. Bila kumbukumbu ndefu, wananchi wangeona kodi yao imepotea bure.

La pili linawahusu wasafirishaji moja kwa moja. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Finland wamekuwa wakifunga vifaa vya kupimia ndani ya meli za kawaida za abiria na mizigo. Bomba huvuta maji wakati meli ikiendelea na safari yake, kifaa husoma klorofili na joto njia nzima, na chupa hujazwa zenyewe kwa ajili ya maabara. Meli haibadilishi ratiba wala njia, na bahari hupimwa kila safari. Meli zinazovuka kati ya Mwanza, Port Bell na Kisumu hupita katika maji ya nchi zote tatu, na zingeweza kufanya kazi ya namna hiyo.

Mfanyabiashara na msafirishaji wafanye nini?

Yapo mambo ambayo hayahitaji kusubiri serikali:

- Usinunue samaki waliookotwa wakielea, hata kwa bei ya kutupa. Chanzo cha kifo hakijulikani mpaka kipimwe, na shehena moja mbovu huweza kufunga soko la wote. Wakongwe wa biashara ya minofu wanakumbuka jinsi Umoja wa Ulaya ulivyozuia samaki wa ziwa kwa vipindi tofauti kati ya mwaka 1997 na 1999, na jinsi soko lilivyorudi baada ya mifumo ya ukaguzi na upimaji kuonekana.

- Ukiona samaki wamekufa, maji yamegeuka kijani kizito au yana harufu ya kuoza, andika mahali, saa na aina ya samaki, kisha mjulishe ofisa uvuvi au kikundi cha usimamizi wa mwalo. Taarifa ya saa ya kwanza ina thamani kuliko ya siku ya tatu.

- Unaponunua kwa mkataba kutoka kwa mfugaji wa vizimba, ulizia daftari lake la oksijeni. Kipimo muhimu zaidi ni cha alfajiri, kwa kuwa usiku mwani nao hutumia oksijeni na hautengenezi nyingine. Mfugaji asiyepima anakuuzia pamoja na hatari yake.

- Usichote maji ya kunywa, ya barafu au ya kuoshea samaki mahali penye utando wa kijani.

- Vyama vya wafanyabiashara vinapokaa na wakubwa wa Jumuiya, viombe takwimu za maji zitolewe kwa wakati na kwa lugha inayosomeka, kama zinavyotolewa za bei na za hali ya hewa.

Wenye mitumbwi, maroli, viwanda na vizimba wote hutegemea maji yaleyale. Siku sangara watakapoelea tena na soko likauliza kama ni sumu, jibu la haraka litatoka kwa aliyepima mwaka huu, mwaka jana na miaka kumi iliyopita. Asipokuwapo, uvumi ndio utakaopanga bei.